Hanimuni Kando ya Mto Athi

Tulioana Kilungu katika miaka ya sabini, mwaka ambao mahindi yalikauka yakiwa bado magotini. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mutomo, na mke wangu alikuwa ametoka tu kumaliza masomo ya ushonaji. Kusema kweli tulijuana kupitia watu wengine. Kila nilipokwenda kwao kumwona, tuliketi sebuleni pamoja na shangazi zake watatu, na hao shangazi ndio walioongea. Waliniuliza kuhusu ng'ombe wetu, kuhusu meno yangu, kuhusu babu yangu alikufa kwa ugonjwa gani. Mke wangu aliketi pembeni akinitazama, na mara moja moja akacheka. Alikuwa na kicheko kikubwa, cha kusikika ng'ambo ya bonde, na nadhani nilimpendea hicho kabla ya kitu kingine chochote.

Walimu wenzangu walikuwa na maoni yao kuhusu ndoa. Kwao, mtu aliyesoma hawezi kuoa Jumamosi halafu Jumapili aonekane akisukuma punda kwenda kuchota maji. Lazima aende hanimuni. Mmoja wao alikuwa ameona tangazo gazetini: mahali pa mapumziko kando ya Mto Athi, si mbali na Kibwezi, nyumba za mawe, bustani, miti mikubwa, na zaidi ya yote, UTULIVU. Neno hilo lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Basi walimu wakatupa zawadi ya siku nne huko, na sisi, ambao hatukuwahi kulala mahali popote isipokuwa kwa jamaa, tukashukuru na kwenda.

Askari wa geti alitupokea akiwa amevaa kofia, koti refu, na soksi bila viatu.

"Karibuni," alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea kando ya mtoto aliyelala.

Nikadhani amepatwa na mafua. Lakini meneja naye, mtu mwembamba mwenye tai, alikuja akitembea juu ya nyasi kwa soksi, akatuinamia na kunong'ona kwamba tumefika nyumbani. Mhudumu aliyebeba sanduku letu alilikumbatia ili lisigonge mlango. Mpishi alitoka jikoni kutusalimu akiwa ameshika vijiko viwili mbali mbali, ili visigongane.

"Mwenye hoteli yuko Nairobi," meneja alitueleza. "Yeye anataka kitu kimoja tu. Utulivu. Mgeni akisikia sahani, mimi nimepoteza kazi."

"Na wageni wengine wako wapi?" nikauliza, nami nimeanza kunong'ona bila kujua.

"Ni nyinyi," akasema.

Kumbe tulikuwa peke yetu, na wafanyakazi wote wa hoteli hawakuwa na mtu mwingine wa kumhudumia. Tukiketi chini ya mti kutazama mto, meneja alisimama nyuma yetu, mhudumu kushoto, mpishi kulia, na askari akaliacha geti lake akaja kuona kama tuko sawa. Mke wangu akiinua kikombe, mikono mitatu ilinyooka kumsaidia. Nikijaribu kumwambia neno la faragha, wote waliinama kusikiliza, kwa kuwa walidhani naagiza kitu. Jambo la kwanza nililomwambia mke wangu kama mume wake, siku ile, lilikuwa kwamba kitambaa chake cha kichwa kinampendeza. Mhudumu akajibu, "Ndiyo, bwana," akaenda, akaleta kitambaa cha meza.

Mke wangu alicheka. Kicheko kile kilivuka mto, kikagonga ukingo wa pili na kurudi. Tumbili wakaruka kutoka mtini. Meneja akashika kifua.

"Samahani, mama," akanong'ona. "Kuna tatizo?"

Tangu hapo mke wangu alicheka akiwa amefunika mdomo kwa leso, akitetemeka mabega, na mpishi akafikiri analia, akamletea supu.

Aliyekuwa huru pale ni kiboko. Alikaa majini chini ya bustani, na jioni alinguruma kama lori linalokataa kuwaka. Kila aliponguruma meneja alifumba macho. "Tunaomba radhi kwa huyo," alituambia. "Tumeshalalamika." Nikamwuliza wamelalamika kwa nani. Akasema kwa ofisi ya wanyamapori, na kwamba wamejibiwa wavumilie.

Siku ya pili tulipelekwa kuona mji, kwa sababu tangazo lilisema kuna historia. Mhudumu alivua koti jeupe, akavaa kofia, akawa kiongozi wa watalii. Alitupeleka Kibwezi sokoni, karibu na barabara kuu ya Mombasa, akasimama mbele ya ukuta mmoja wa mawe uliochakaa, akaanza kueleza. Lakini alikuwa amezoea. Alinong'ona. Malori yalikuwa yanapita, wanawake wanaita watu waje kununua vitunguu na mapapai, fundi anapiga bati kwa nyundo, na yeye ananong'ona huku akionyesha ukuta kwa heshima kubwa.

"Ongea kwa nguvu, ndugu yangu," nikamwambia.

Akajitahidi. Tulisikia, "Hapa ndipo," kisha lori likapiga honi, kisha tukasikia, "wote wakafa." Mpaka leo sijui ni akina nani. Mke wangu aliniuliza kama tunafaa kusikitika, nikamwambia tusikitike kidogo. Tukasimama pale tumeinamisha vichwa. Msichana mmoja aliyekuwa akiuza machungwa kando ya ukuta alitutazama kwa muda mrefu sana. Tulipomtazama vizuri, alikuwa binamu ya mke wangu kutoka Kilungu.

Wakasalimiana. Binamu akauliza kwa nini hatujaenda Mutomo. Mke wangu akasema tuko mtoni, tumekuja kukaa tu. Binamu akatutazama, akamtazama mtu wa kofia anayenong'ona, akafunga machungwa yake na kuondoka mbio kuelekea kwenye magari.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa mezani, mikate imelainishwa kwa maziwa ili isitoe sauti ikitafunwa, tuliposikia mabishano getini. Askari alikuwa ananong'ona, lakini mtu fulani alikuwa hanong'oni.

"Mama, mmeweka nafasi?"

"Nafasi tuko nayo, tumemaliza kupalilia!"

Shangazi watatu waliingia. Mkubwa alitangulia na kiondo cha muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, wa pili alibeba kuku kwapani, wa tatu alikuwa na mwavuli. Hawakunisalimu. Walimsimamisha mke wangu, wakamgeuza huku na huku, wakatazama mikono yake na kumpapasa mabega.

"Mtu anamuoa mtoto wetu Jumamosi," shangazi mkubwa akasema, akinielekezea kidevu, "na Jumapili anampeleka kwenye mamba. Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, shangazi."

"Umekula nini?"

"Supu."

"Supu ya nini?"

Mke wangu akasita. "Ya uyoga."

Shangazi wa pili akaketi chini na kuku wake.

Meneja alikuja mbio kwa soksi zake, mikono imeshikana kifuani, uso umejaa uchungu. Nyuma yake mpishi na mhudumu, wote kimya, vichwa chini. Shangazi mkubwa aliwatazama mmoja mmoja. Akatazama soksi. Sauti yake ikabadilika, ikawa laini.

"Kumbe," akasema. "Kwa nini hamkutuambia? Nani ametutoka?"

"Hakuna mtu, mama," meneja akanong'ona. "Ni utulivu."

"Utulivu! Poleni sana. Utulivu ni wa nani?"

"Ni wa mwenye hoteli."

"Uuu, maskini! Naye yuko wapi mwenyewe?"

"Yuko Nairobi. Sisi kazi yetu ni kuutunza tu."

"Mnautunza wapi?"

"Hapa hapa hotelini. Vyumbani, bustanini. Mwenyewe hataki uondoke kabisa."

Shangazi wa tatu aliufunga mwavuli. Shangazi mkubwa akashika mkono wa meneja kwa mikono yake miwili.

"Baba, hata kama ni uchungu," akasema, "lazima mwili uzikwe."

Nilifungua mdomo kueleza. Naapa nilifungua. Lakini mke wangu alikuwa ameingiza leso yote mdomoni, machozi yanamtiririka, na shangazi walipoona machozi yake hawakuhitaji ushahidi mwingine. Walisimama mstari mmoja kwenye baraza, wakaanza wimbo wa mazishi.

Sasa, watu wa Kilungu huimba kwa sauti ya kupandisha mlima. Ubeti wa kwanza ulipasua asubuhi ile katikati. Meneja akainua mikono kuwasihi wanyamaze, lakini mikono iliyoinuliwa hivyo ni mikono ya mwongoza kwaya, nao wakaongeza nguvu. Kufika ubeti wa pili nilisikia sauti nzito ikitoka jikoni. Mpishi alikuwa besi wa kanisa lake. Alikuwa amekaa muda mrefu mahali pale bila kuimba, na ilimtoka kama maji ya bomba lililokuwa limeziba. Mhudumu akamfuata. Askari akavua kofia. Mwishowe meneja mwenyewe, huku akitikisa kichwa kukataa, akaingia kwenye kiitikio.

Ng'ambo ya bustani kulikuwa na mashamba ya watu wanaomwagilia mboga kwa maji ya mto. Waliposikia wimbo ule waliweka majembe chini. Walikuja na kuni. Wengine wakaja na maziwa, na mzee mmoja akaleta benchi kichwani, maana alijua msibani viti huwa havitoshi. Hakuna aliyeuliza mengi. Waliambiwa ni Utulivu, wakasema walimsikia lakini hawakubahatika kumwona. Bibi mmoja alisema alikuwa mtoto mzuri sana.

Kufikia adhuhuri wale shangazi walikuwa wameteka jikoni. Sufuria ziligongana, kuni zikapasuliwa kwa shoka, kuku akachinjwa. Meneja alinijia nyuma ya mti.

"Mwalimu, nifanye nini?"

"Waambie ukweli."

"Nimewaambia. Wamesema ni uchungu, eti nitazoea."

Nilimhurumia. Lakini niseme pia kwamba alikuwa ameshika sahani ya muthokoi, na alikuwa amevaa viatu.

Mke wangu alinivuta pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu tufike, hakuna mtu aliyeinama kutusikiliza. Wote walikuwa na shughuli.

"Twende nyumbani," akasema.

"Nyumbani Kilungu?"

"Nyumbani kwako. Kwetu. Huko Mutomo."

Alitamka "kwetu" haraka, akaona haya, akaanza kufunga sanduku. Nilisimama pale kama mjinga, nimeshika taulo la hoteli, nimefurahi kuliko siku ya harusi.

Tulienda kumuaga shangazi mkubwa. Alikuwa anakoroga sufuria, hakugeuka. "Nendeni," akasema. "Nyinyi ni maharusi, si vizuri mkae penye kilio. Sisi tutabaki na wafiwa." Walibaki siku zote zilizokuwa zimesalia za zawadi yetu, wakilala chumba chetu, wakiletewa chai kitandani. Nasikia walipewa hata historia ya ule ukuta, na kwamba safari hiyo kiongozi aliieleza kwa sauti.

Sisi tulikwenda barabarani, tukasimamisha lori la mbuzi lililokuwa likirudi tupu kuelekea Kitui. Dereva alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa Mwingi, mtu mpole mwenye kikofia, akatukaribisha mbele.

"Mnatoka wapi, bwana?"

"Hanimuni," nikasema.

Akafikiri. "Hanimuni ni wapi? Kabla ya Ikutha?"

Nilikuwa najiandaa kueleza, lakini mke wangu alikuwa amechoka na maelezo. "Ni huko mtoni," akasema. "Tumewaacha na msiba."

"Inna lillahi," dereva akasema, akapunguza mwendo kwa heshima. Akatuendesha taratibu hivyo hivyo mpaka Mutomo, hata mahali penye vumbi tu na hakuna gari lingine, na alipotushusha alikataa katakata kusikia habari ya nauli. Kisha akaenda sokoni kunywa chai.

Nyumba yangu ilikuwa chumba kimoja na jiko, bati juu, kiti kimoja. Mke wangu alikagua kila kitu, akafungua dirisha, akaniuliza kama huwa nafagia au nasubiri upepo. Nikamwambia nasubiri upepo. Akacheka, safari hii bila leso, mbuzi wa jirani wakainua vichwa. Tulikuwa hatujamaliza kuwasha moto tuliposikia hodi.

Alikuwa jirani, muuguzi wa hospitali ya misheni, na nyuma yake wanawake wengine wa mtaa, wamejifunga leso, kila mmoja na kitu mkononi. Walituletea sukari, majani ya chai na kibaba cha unga. Wakaingia mmoja mmoja wakitupa mkono, nyuso zimeinama.

"Tumesikia sokoni," muuguzi akasema. "Poleni kwa yaliyowapata kule Hanimuni."

Nilimtazama mke wangu. Yeye alitazama sukari. Nyumbani mle hakukuwa na hata punje.

"Asanteni," akasema, akasogeza kile kiti kimoja. "Kaeni. Maji yanachemka."