Uzi Uliotoka Kwenye Bika

Fundi alikuwa ameshona nguo kwa miaka thelathini na miwili, na macho yake yalikuwa yamezoea uzi mpaka hayauoni tena. Cherehani ndiyo iliyomsomesha binti yake wa pekee hadi akawa mwalimu wa kemia. Alifundisha nini hasa, mama hakujua. Majirani wakimuuliza, aliwajibu kwamba ni mambo ya chupa.

Siku moja shule ilimwita kuwapima wanafunzi makoti ya maabara. Alikuwa amebakiza mabega ya wawili kengele ilipolia, na binti yake akaingia na bika mbili, vyombo vya kioo vyenye vimiminika. Alimwomba mama akae nyuma, watamalizia baada ya kipindi. Akakaa, futi ikining'inia shingoni.

Somo lilikuwa polima za kondensesheni, yaani molekuli ndefu zinazoundwa kwa kuunganisha ndogo ndogo. Mwalimu aliwapanga wanafunzi mstari mmoja, huyu molekuli ya amini, huyu ya asidi, wakipishana hivyo hadi mwisho, akawaambia washikane mikono. Kila mkono unapokamata mwingine, alisema, kitu kidogo hudondoka, mara nyingi maji; na kwa kuwa kila mmoja ana mikono miwili, mnyororo hauna sababu ya kukoma. Fundi alishika nusu, nusu ikampita.

Kisha mwalimu akavaa glavu, akamimina kimiminika cha bika moja polepole juu ya kile cha pili. Akaeleza kuwa leo ametumia ndugu mkali zaidi wa ile asidi, kwa hiyo kitakachodondoka si maji bali asidi ya haidrokloriki. Vimiminika havikuchanganyika. Kati yao pakatanda utando mwembamba kama wa maziwa yaliyopoa. Akaudaka kwa koleo, akauinua, ukatoka uzi. Akavuta, ukazidi kuja.

Fundi alijikuta amesimama.

"Nani anausokota humo ndani?"

"Hakuna, mama. Nikiuondoa utando, vimiminika vinakutana upya, vinashikana."

Wanafunzi walijaribu, ukawakatikia. Mwalimu akampa mama yake glavu na kijiti cha kioo. Mikono iliyozoea kujaza uzi kwenye bobini ya cherehani ikaanza kuzungusha, bila haraka wala kulegeza, na uzi ukaja, ukaja, mweupe na mbichi, mpaka msichana aliyekuwa akihesabu mizunguko akaacha kuhesabu.

Fundi aliondoka na kipande cha uzi huo kilichooshwa na kukaushwa. Nyumbani alijaribu kushonea, kikakatika papo hapo. Binti alicheka, akamweleza kuwa kiwandani uzi huvutwa tena kwa nguvu hadi minyororo ilale sambamba, ndipo unapokuwa imara. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika rili ya uzi wa poliesta, akiigeuza mwangani taratibu, kama aliyepewa kichanga.

"Na huu nao umeshikana vilevile?"

"Vilevile. Asidi na alkoholi."

"Miaka yote hii nimeushika, mwanangu."

Akataka kujua uzi mmoja una minyororo mingapi. Binti akachukua chaki, akaandika moja kwenye karatasi ya kukatia vitambaa, akaongeza sifuri, na sifuri, zikapita kumi na tano. Mama akaikunja karatasi ile, akaihifadhi. Makoti ya shule aliyakatia karatasi nyingine.