Kengele Ililia, Nikasubiri Kuitikiwa

Watu huniuliza nilifikaje kuruka viunzi na farasi katika nchi za mbali, mimi mzaliwa wa Basotu, wilayani Hanang. Wanategemea niwasimulie habari za ujasiri. Ujasiri sikuwa nao. Nilikuwa na bahati ya kupata watu wawili, mama mmoja wa Kizungu na baba yangu mzazi, na kila nikiwakumbuka namshukuru Mungu.

Baba alikuwa dereva wa kombaini, ile mashine ya kuvunia, kwenye shamba la ngano la serikali. Mume wa yule mama alikuwa mtaalamu wa udongo hapo hapo shambani. Mama mwenyewe alikuwa mpanda farasi wa mashindano huko kwao, kabla mgongo haujamsumbua, na alikuja Hanang na farasi wawili ambao wafanyakazi waliwaita punda wa serikali. Mimi nilikuwa namfulia nguo. Siku moja aliniona nakwenda ziwani na madumu matupu, nimekaa juu ya punda wetu bila kushika chochote, naimba. Akaniuliza kama siogopi kuanguka. Nikamwambia nimeshaanguka sana, hata nimechoka kuogopa. Alicheka mpaka akajishika kiuno, na nguo zake tangu hapo zikafuliwa na mtu mwingine.

Alinifundisha kwenye mabua, baada ya ngano kuvunwa. Viunzi vyetu vilikuwa mapipa ya dizeli na miti ya mikaratusi iliyolazwa juu yake. Alikuwa mkali kweli. Nikikosea alinigombeza kwa lugha yao, kisha akanitafsiria kwa Kiswahili ili nisipitwe na neno. Kwa ukali ule nampenda hadi leo.

Baba hakufurahia. Binti mzima anaruka mapipa, na watu wa kambini wanamtania kila akipita. Mpaka wa Kenya ulipofunguliwa tena, yule mama akataka nikashindane Nairobi. Jioni baba akaniita.

“Nenda mara hii moja. Ukirudi na kombe, endelea. Ukirudi mikono mitupu, unakwenda chuo cha ualimu, na habari za farasi zimekwisha.”

Hakusema kwa hasira. Lakini baba hakuwa mtu wa kurudia neno, nami nikapanda lori pamoja na yule mama na farasi wake mmoja, nikijua ninachokwenda kutafuta.

Sasa, kuna jambo moja yule mama alinieleza vibaya, kwa nia njema kabisa. Mpanda farasi akiingia uwanjani huwainamia waamuzi kichwa, halafu kengele ikilia anaanza. Ili nisisahau, akaniambia, “Wale ni wazee. Waamkie kama mnavyoamkia kwenu.”

Basi nikaingia, nikamsimamisha farasi mbele ya meza yao, nikainamisha kichwa, nikasema shikamoo. Waamuzi walikuwa wanaandika. Kengele ikalia. Mimi nikasubiri. Kwetu humwamkii mzee halafu ukaondoka kabla hajaitikia. Hata uwe umetumwa haraka, unasimama. Farasi alijua maana ya kengele, akaanza kuchezesha miguu, nami namvuta hatamu na kumwomba awe na adabu. Saa ya mashindano ikaanza kunihesabia nikiwa bado nimesimama. Watu wakacheka. Hatimaye mwamuzi mmoja mwenye mvi akainua macho, akashangaa, akavua kofia. Nikaona hiyo inatosha.

Tuliruka. Jamani, tuliruka! Hakuna mti hata mmoja ulioanguka. Lakini adhabu ya kuchelewa ilinishusha karibu na mkia, na kombe likaenda kwa mwingine. Yule mama alipojua nilikuwa nasubiri nini, alikaa chini kwenye majani akasema kosa ni lake. Nililia njia nzima ya kurudi.

Nilimkuta baba anakunywa chai nje. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza yote.

“Kwa hiyo hawakuitikia?”

“Hawakuitikia, baba.”

“Na wewe ukasimama.”

“Nilisimama.”

“Watu wanacheka.”

“Wanacheka sana.”

Aliweka kikombe chini. “Wazee gani hao?” alisema, na safari hii alikuwa na hasira ya kweli. “Wanaandika nini cha maana hivyo?” Akaingia ndani. Habari ya chuo hakuitaja, nami sikuthubutu kuuliza.

Baadaye nimepigiwa makofi na watu wasioijua Hanang hata kwenye ramani. Nawashukuru wote. Lakini hakuna lililonifurahisha kama lile la kesho yake asubuhi, nilipokwenda bandani kwa yule mama kumuaga farasi niliyemzoea. Baba, ambaye hakuwahi kukanyaga pale, alikuwa ameshafika. Alikuwa amevaa nguo zake za kazi, amesimama mbali kidogo kwa sababu alimwogopa yule mnyama, na mkononi alikuwa na ndoo ya pumba.

“Huyu anakula nini,” aliniuliza bila kugeuka, “ili safari ijayo akimbie zaidi?”