Noti Niliyoikana

Mama mkwe wangu alipotimiza miaka sabini, watoto wake walichanga wakamlipia siku tatu katika hoteli moja iliyo juu ya mji wa Morogoro, pale nyumba zinapokwisha na mlima kuanza. Wifi yangu ndiye aliyepanga kila kitu. Alitutumia ujumbe kwamba malazi, milo mitatu kwa siku na chai ya saa kumi, vyote vimeshalipiwa, tuje na nguo tu. Tulikuwa wanne: mama mkwe, wifi, mume wangu na mimi. Watoto wetu tuliwaacha Dar es Salaam kwa dada yangu.

Mapokezi walitufunga kila mmoja utepe wa plastiki wa kijani mkononi. Mama mkwe akauliza ni wa nini.

"Ukiwa nao huo, Mama, unaagiza chochote unaletewa," wifi alimwambia. "Hudaiwi hata senti."

Mama mkwe akauvuta utepe kuona kama unakatika. "Chochote?"

"Chochote."

Juu ya kila meza palikuwa na kadi ndogo iliyosema kwamba milo ya mgeni imelipiwa pamoja na huduma, hivyo tafadhali asimpe mhudumu fedha. Mume wangu aliisoma kwa sauti, nikaona mabega yake yanashuka. Kutoa hela ya soda humtaabisha sana. Hajui atoe kiasi gani, wala aitoe kwa mkono au aiache mezani. Sasa kadi ilikuwa imemtua mzigo.

Mhudumu wa meza yetu alikuwa mwanamke mwembamba wa karibu miaka hamsini. Goti lake la kulia lilikuwa gumu. Mgahawa ulikuwa kwenye baraza la juu na jiko lilikuwa chini, kati yake ngazi za mawe, na yule mama alizishuka akitanguliza mguu wa kushoto kila ngazi, kama mtoto anayejifunza.

"Shikamoo, Mama," alimwambia mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa anaikunjua leso ya karatasi. "Supu mnayo?"

Yule mama akadhani hakusikika. Akasalimia tena, safari hii kwa Kiluguru, kwa sababu alikuwa ameitambua lafudhi. Hakukosea. Mama mkwe alizaliwa Mkuyuni, na akizungumza na dada zake kwenye simu hutasikia neno la Kiswahili. Lakini alimtazama yule mhudumu kama aliyemkanyaga.

"Sema Kiswahili. Hapa ni hotelini."

Nilishtuka, kwa sababu mama mkwe mwenyewe alikuwa ametumika miaka mingi katika kantini ya kiwanda mjini hapo hapo Morogoro, akipakua ugali na maharage. Ana kovu la mvuke kwenye kiwiko. Nilitegemea kwamba yeye, kuliko sisi wote, angemhurumia mtu anayebeba sahani. Ilichukua mlo mmoja tu kunionyesha kwamba alichotoka nacho kantini ni kujua mahali panapouma.

Aliagiza vitu kimoja kimoja. Supu ilipokuja, aliomba limau. Limau likaja, akaomba pilipili. Pilipili ikaja, akasema supu imepoa. Supu ya moto ikaja, akasema ameshashiba, ila aletewe kijiti cha meno. Kila ombi lilikuwa safari ya kushuka na kupanda, na mama mkwe alingoja mpaka mhudumu amefika juu kabisa, amepumua, ndipo aseme la pili.

"Mama, ungemwambia yote kwa mara moja," nilisema.

"Tumelipia," alinijibu. "Sisi wa kantini hakuna aliyetuhurumia magoti."

Wifi akacheka. Mume wangu alikuwa anapiga picha milima.

Ilikuwa hivyo asubuhi, mchana na jioni. Siku ya pili alimfanya amtoe samaki miiba, mbele ya meza nyingine, halafu akasukuma sahani akisema samaki ameshikwashikwa. Yule mama hakubadilika uso. Kila alipokuja alisema shikamoo, na kila mara mama mkwe aliiacha ipite. Mpaka jioni ile nilikuwa naitikia mimi moyoni, ingawa haikuwa yangu.

Siku hiyo hiyo, wenzangu wakiwa wamelala baada ya chakula cha mchana, nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya chini akilikanda goti. Alitaka kusimama, nikamzuia. Nikamwomba radhi kwa ajili ya mama mkwe.

"Wazee ndivyo walivyo," alisema. Akaniambia yeye ni wa Mgeta, kijiji cha juu pale malori yanapopakia kabichi, na hapa mjini amepanga chumba Kilakala na binti yake anayesoma kidato cha nne. Nikamuuliza wageni kama sisi, wa utepe, humwachia chochote.

"Wa utepe?" Akatabasamu kidogo. "Wanasoma kadi."

"Na hiyo hela ya huduma iliyo kwenye kifurushi?"

"Hiyo mimi sijawahi kuiona, dada."

Jioni ile nilimwambia mume wangu tumpe yule mama chochote kabla hatujaondoka. Alikuwa anavua viatu.

"Kadi imekataza."

"Kadi imewekwa na mwenye hoteli. Tumempandisha ngazi siku mbili."

"Mama ameshasema hatoi mtu. Hii ni sherehe yake. Usianze."

Nilijua maana ya "usianze." Katika ndoa yetu ya miaka kumi na moja, neno hilo limefunga mazungumzo mengi.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, wenzangu walikuwa wanamalizia chai huku dereva akipakia mizigo. Nilisema naenda msalani. Nikashuka ngazi, nikamkuta yule mama anapanda na sinia. Nikatoa noti ya elfu kumi. Akakataa. Nikasogea, akakataa tena, akaangalia juu.

"Watanifukuza, dada."

"Hakuna anayeona," nilisema, nikaisokomeza kwenye mfuko wa aproni yake. Mikono yake ilikuwa imeshika sinia. Hakuwa na namna ya kunizuia.

Nilirudi mezani nimefurahi. Ndiyo, nilijisikia mtu mwema, na chai nikaiongeza sukari.

Mama mkwe alikuwa anapekua mkoba wake. Akatoa vitu kimoja kimoja juu ya meza: miwani, dawa za presha, leso, simu. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Elfu kumi yangu haipo. Niliiweka hapa chini ya miwani."

Wifi akaangalia chini ya meza. Mume wangu akainua sahani. Mama mkwe akaonyesha kwa kidevu upande wa ngazi. "Muulizeni yule. Nimemwona anagusa mfuko wake."

Meneja aliitwa. Alikuwa kijana nadhifu mwenye tai, akaomba radhi kabla hata hajajua kosa. Mhudumu akaitwa. Meneja akamwambia atoe vilivyo mfukoni, hapo hapo, wageni wa meza nyingine wakiwa wamegeuka na vijiko mkononi. Akatoa kalamu, kitambaa, na noti yangu, imekunjwa mara mbili kama nilivyoikunja.

"Umeipata wapi?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

Hakunionyesha. Alisimama ameangalia sakafu, na nikaelewa kwamba ananipa nafasi niseme mwenyewe. Nilisikia friji ya soda ikinguruma. Mume wangu alikuwa ananitazama. Mama mkwe alikuwa ananitazama. Niliona maneno yote yatakayofuata: kwamba nimemdharau mama siku yake, kwamba nimetoa hela ya mume kwa siri, kwamba najifanya mwema kuliko ukoo mzima. Niliona safari yote ya kurudi Dar es Salaam ikiwa kimya.

"Na nani?" meneja alirudia.

"Huyu dada," alisema taratibu, akanielekezea mkono wote, kwa heshima, kama anayemkaribisha mtu kiti.

Meneja akanigeukia. "Ni kweli, dada?"

"Labda amenichanganya na mtu mwingine," nilisema.

Sauti yangu ilitoka vizuri. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, jinsi ilivyotoka vizuri, hata na upole kidogo, kana kwamba namsamehe.

Yule mama aliinua macho akanitazama mara moja tu. Hakulia wala hakubisha. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti kilichokuwa wazi kando yangu. Meneja akampa mama mkwe ile noti kwa mikono miwili. Mama mkwe akaipokea, akaiweka chini ya miwani, akafunga mkoba.

Gari liliondoka saa nane na nusu. Mume wangu alikaa mbele na dereva, wifi akaweka visikilizi masikioni akalala. Mimi nilikaa nyuma na mama mkwe. Tulipofika Mikese, alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini ambayo ningeweza kuisikia mimi peke yangu.

"Mimi sikuwa na elfu kumi."

Nikamtazama.

"Nilikuona kwenye ngazi ukimtilia. Nikasema ngoja nione kama utasema."

"Mama, yule mtu amefukuzwa kazi."

"Umemfukuzisha wewe. Mimi nilikungoja." Akafungua mkoba, akatoa ile noti, akaiweka juu ya goti langu. "Chukua hela yako."

Ningeweza kumwambia dereva ageuze gari. Hatukuwa mbali. Ningeweza kumgusa mume wangu begani. Nilikaa na ile noti juu ya goti mpaka Chalinze, tuliposimama kununua maji, na nikaitumia kununulia maji hayo, ya watu wote ndani ya gari.

Nilikwenda Mgeta baada ya miezi minne, nikikisia kwamba yule mama amerudi kwao. Nyumbani nilisema nina semina ya kazi Morogoro. Nilipanda bodaboda kwa barabara ile ya makona mpaka pale malori yanapopakia, nikamuulizia mama mwenye goti baya aliyekuwa akifanya kazi hotelini. Wanawake waliokuwa wamekaa juu ya magunia walinionyesha njia bila kuuliza mimi ni nani. Nilimkuta kwenye shamba lililolala kama paa, anakata kabichi.

Alinitambua mara moja. Hakuacha kukata.

Nikasema nimekuja kuomba radhi. Nikasema nilikuwa na hofu. Nilimweleza hata aliyoniambia mama mkwe ndani ya gari. Alinisikiliza akiwa ameinama, kisu kikienda.

Aliponijibu aliongea bila hasira, kama anayemweleza mgeni njia. Alifukuzwa siku ile ile, na mshahara wa mwezi ule hakupewa. Alizunguka hoteli nyingine za mjini, lakini mameneja wanafahamiana, na kila alipofika ile elfu kumi ilikuwa imeshafika. Chumba cha Kilakala alikiacha. Binti yake alikwenda kukaa kwa shangazi yake, anasoma akitokea huko, na shangazi anamfulisha nguo za nyumba nzima.

Nikatoa bahasha. Akafuta mikono kwenye khanga, akaipokea, akaitia kifuani bila kuifungua.

"Umekuja na nani?" aliuliza.

"Peke yangu."

"Mumeo anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Na kwa yule meneja umepita?"

"Sijapita."

"Basi hujasema bado," alisema. "Umeniambia mimi, na mimi nilikuwepo."

Kisha akanionyesha tenga lililojaa. "Lori linaondoka. Nisaidie hilo."

Nilidhani anatania. Akakunja kitenge kikawa kata, akaniwekea kichwani, akanitwisha. Kile kilima cha kwenda barabarani sitakisahau. Viatu vyangu vilikuwa vya ofisini. Yeye alitangulia na tenga lake, goti lile lile, hakugeuka hata mara moja kuniangalia. Kabichi mbili zilinidondoka zikabiringika bondeni na watoto wakazikimbilia. Juu pale wale wanawake walinicheka, na yeye alicheka pamoja nao. Nilipotua mzigo shingo ilikuwa inatetemeka. Akaangalia tenga, akahesabu zilizobaki, akaniambia, "Zimepungua mbili." Nikamlipa mbili. Akaipokea hela hiyo pia.

Wakati wa kurudi nilimwambia mwenye bodaboda anipitishe hotelini. Nilimkuta yule meneja, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama, ana kwa ana. Aliniacha nikamaliza.

"Nashukuru umesema, dada," alijibu. "Ila hata kama ulimpa wewe, kupokea nako kumekatazwa. Na mtu mwingine ameshaajiriwa." Akaniuliza kama nitapenda kuona ofa yao mpya ya familia.

Mume wangu nilimwambia Jumapili iliyofuata, wakati wa kifungua kinywa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama ni mzee. Unataka nimfanyeje?" Kisha akauliza kama maziwa yamekwisha.

Mama mkwe sasa anaishi kwetu, tangu presha ilipompanda vibaya. Mimi ndiye ninayempelekea chakula chumbani. Huomba chumvi, na nikiileta huomba maji. Jirani wakija kumjulia hali hunishika mkono mbele yao na kuniita mwanangu, akawaambia kwamba kati ya wake wote wa wanawe, ni huyu tu anayeelewana naye.