Lenzi Mbili na Pampu ya Shangazi

Kilichonitoa shuleni Jumamosi moja ni picha. Wengi wenu mmeiona, imebandikwa kwenye ofisi moja hapa mjini Singida, unapoingia tu: mama ameinama mlangoni na ndoo, na nyuma ya paa lake, kama vile imeota uani, inaonekana pampu ya upepo na mapanga yake. Huyo mama ni shangazi yangu. Nyumba ni yake, ile aliyohamishiwa kwenye kijiji kipya upande wa Mungaa. Pampu nayo ni ya kijiji chao, ila ukitumwa maji huko asubuhi, ukirudi unakuta uji umepoa na wenzako wameshaunywa. Kijiji kilipoomba pampu ya pili kikajibiwa na ofisi hiyohiyo: ya nini, na hiyo mnayo mlangoni? Si picha ile pale?

Kwanza nilicheka. Halafu hasira zikanipanda hata nikakosa hamu ya maharage ya shule, jambo ambalo si gumu.

Nikamweleza Mwalimu Njiku, msimamizi wa chama chetu cha picha. Siku hizo padre mmoja alikuwa amempa lenzi mbili azijaribu, moja ibaki shuleni, nyingine irudi. Ni lenzi za kuvuta: unasukuma pete yake, kitu cha mbali kinakuja, unarudisha, kinakwenda zake, na wewe hujainua mguu. "Badala ya kuzijaribia kwa mbuzi wa mpishi," akasema, "tuzipeleke kwa shangazi yako."

Jumamosi alfajiri tulipanda lori lililokuwa linarudi kuchukua vitunguu. Nilipakatishwa lenzi nene, nzito kama mtoto aliyeshiba. Mdomo wake mpana, unameza mwanga mwingi, kwa hiyo kamera inafumba jicho haraka na picha haitikisiki. Nyembamba alikuwa nayo mwalimu mfukoni. Hiyo ni nyepesi, lakini mdomo wake mdogo, inataka jua kali ndipo ifanye kazi.

"Mwanangu, hiyo ni chupa ya chai?" mama mmoja akaniuliza.

"Hapana mama, ni ya kuchungulia vyungu vya majirani."

"Basi ukifika kwangu utaona kitupu," akasema, na lori zima likanicheka mimi.

Njia panda ya Ikungi tukashuka, tukakanyaga mchanga mpaka mchana. Upepo ulikuwa ule wetu, wa kukulisha vumbi bila kukukaribisha.

Tulipofika, shangazi ndiyo kwanza anatua ndoo. Shikamoo yangu aliipokea, macho yakiwa kwenye kamera.

"Marahaba. Umekuja na mwalimu wako, na hamkubeba hata dumu?"

"Tumekuja kwa ajili ya ile picha, shangazi."

"Yule kijana wa picha." Akakaa kwenye kinu. "Aliniambia niiname hapa. Basi akarudi nyuma, akarudi nyuma, nikajua anakwenda zake. Kumbe ndiyo anapiga. Karanga zangu zote kazikanyaga."

Akatupeleka alipoishia yule kijana, kule chini kwenye zizi. Mwalimu akafunga lenzi nyembamba, akavuta hadi mwisho, akanipa nichungulie. Pampu ilikuwa imekaa juu ya paa la shangazi kama kofia. Nikafunga nene, nikavuta vilevile. Kofia ileile.

"Kwa hiyo zote mbili ni waongo," nikasema.

"Lenzi haijasogeza kitu," mwalimu akasema. "Ukisimama mbali hivi, mlango na pampu vinaonekana vimekaribiana. Lenzi inakata tu ya pembeni usione shamba lililo katikati. Sasa ifungue hiyo nene mdomo wote, ulenge mlango."

Nikafungua. Mlango ukabaki mkali, pampu ikayeyuka ikawa moshi. Nikaubana mdomo, pampu ikarudi pale pale, safi. Basi yule kijana aliubana. Alijua anachofanya. Nilitamani kumtupia kitu, na nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa cha padre.

Alasiri mwenyekiti wa kijiji akatukuta tukitafuta pa kupigia picha kwa ubavu, shamba la katikati lionekane.

"Mwalimu, mnataka kutuaibisha? Ile picha imetuletea wageni wakubwa."

"Na maji waliyokunywa wageni alibeba nani?" shangazi akamwuliza. "Sema, mwenyekiti. Au walikunywa ya kwenye picha?"

Mwenyekiti akatazama mapanga ya pampu yakizunguka kule mbali. Mkewe naye huchota hukohuko. "Pandeni lile jiwe," akasema mwishowe. "Mimi sijawaona."

Lile jiwe lilikuwa mbali kando ya kijiji. Tulipofika juu jua lilikuwa linazama na upepo unatusukuma. Kwa lenzi nyembamba mwanga haukutosha. Kamera ingefumba jicho polepole na mikono yetu ilikuwa inatetemeka. Tukafunga nene, tukairudisha pete hadi mwanzo, mlango ukaingia pembe moja ya picha na pampu pembe nyingine. Shangazi alikuwa ameshatoka na ndoo. Mwalimu akapiga.

Jumapili tulirudi Singida juu ya magunia ya vitunguu, tukitoa machozi tusiyokuwa na huzuni nayo. Tukaisafisha filamu, tukachapa picha kubwa. Mwalimu akaamua nene ndiyo ibaki.

Jumatatu tukaipeleka ofisini. Bwana mkubwa akaishika karibu na dirisha.

"Haipendezi. Pampu yenyewe iko wapi?"

"Anzia mlangoni, mzee," mwalimu akasema.

Akaweka kidole kwenye mlango wa shangazi, akakipeleka kulia taratibu. Katikati kikasimama.

"Hiki kidoa ni nini?"

"Ni shangazi," nikasema. "Bado hajafika."

Kidole kikaendelea hadi pembeni, kikaikuta pampu. Akatuambia tuiache mezani. Picha ya zamani bado iko ukutani, na pampu ya pili haijaja.

Nimejifunza kwamba kabla ya kuisifu picha, niulize kwanza aliyepiga alisimama wapi. Lakini si hilo linalonikereketa. Wakati wa kuagana shangazi alinieleza kwamba yeye mwenyewe, kabla yule kijana hajaanza kurudi nyuma, alimwambia wazi: baba, maji yenyewe yako kule. Akajibiwa ainame zaidi kidogo.