Mgomba Unaokunywa Kanyanga

Jua bado linajikuna juu ya vilima vya Kadutu, na maman Bibiane tayari anapima kanyanga, pombe kali ya kienyeji. Anaimimina kidogo kwenye kizibo, anawasha kiberiti. Ikikataa kushika moto, anamrudishia muuzaji. Ikiwaka buluu, bidoni, dumu lake dogo, inajazwa. Kisha anaifunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto aliyelala, na kushuka kilima polepole.

Hapo ndipo alipokosea. Angeibeba mkononi, watu wangedhani ni mafuta ya taa. Lakini mtoto asiyelia wala kukua, kila Alhamisi, na mama mwenyewe ana miaka hamsini na sita! Akina mama wa kwaya ya parokia wamepewa pua kwa ajili ya ubani; wao wakazipeleka sokoni, zikanusa mgongo wa Bibiane.

Wiki iliyopita maman Adélaïde, rais wa kwaya, alimwambia wazi: Jumamosi watakaa waamue kama mlevi anaweza kuendelea kuongoza sauti ya pili. Bibiane ameiongoza tangu alipofiwa na mumewe.

"Kuta za nyumba zilikuwa zinanisemesha," anasema. "Kwaya njo ilinitoa mule."

Alimwalika rais kazini.

Bibiane anafanya kazi katika maabara ndogo ya mimea, upande wa ziwa. Huko wanachunguza namna mgomba unavyojijengea kuta za seli zake, ili wajue kwa nini migomba mingine ya kisiwa cha Idjwi huanguka na mikungu yake upepo ukivuma. Alkoli safi ya kusafishia vipande vya mimea imechelewa tangu mwaka jana, basi kanyanga inachemshwa upya, mvuke wake unakingwa, na kazi inaendelea.

Maman Adélaïde aliingia ameshika pua.

"Maman Bibiane, hapa iko laboratwari ao iko kabare ya pombe?"

"Mugomba njo inakunywa, maman prezida. Miye namiminaka tu."

Bibiane akachukua kipande cha shina changa, akakikata kwa wembe mpaka kikawa chembamba kama ganda la kitunguu. Akakitia kwenye kanyanga ya moto. Kijani kikatoka, sukari ikatoka. Zikabaki kuta tupu, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Halafu tone la dawa, na kipande kikawekwa chini ya hadubini. Mahali ukuta ulipoanza kukomaa na kuwa mgumu, pakageuka pekundu.

Rais akainamia hadubini. Akakaa humo muda mrefu kuliko anavyokaa kwenye maungamo.

"Iko sawa na madirisha ya rangi ya kanisa," akasema taratibu. Akainuka, kiwiko chake kikagonga bakuli. Kanyanga yote ikamwagikia kitenge chake cha kwaya.

Jumamosi, kabla kikao hakijafunguliwa, sauti ya kwanza ilinusa kulia, ikanusa kushoto. Pua zote zikaishia kwenye kitenge kilekile cha rais.

"Iko ya mugomba," maman Adélaïde akasema, bila kumtazama mtu. "Maman Bibiane, tuanzishie wimbo."

Akaanzisha. Kikao hakikufunguliwa tena.

Sasa Bibiane anangoja mashina mapya kutoka Idjwi, ayakate kuanzia machanga hadi makavu, aone wekundu unaanzia wapi katika mgomba usioanguka. Kwaya nzima imeomba kuja kutazama.

"Watakuja wawili wawili," anasema, akikaza kitenge juu ya bidoni. "Na kitenge ya kwaya wataiacha nyumbani."