Kuzungukia Kushoto Ndani ya Gunia

Binti yangu mpira wa pete anaujua, hilo halikuwahi kunitia wasiwasi. Ana pumzi, na kuruka anawapita wenzake wote. Lakini jioni moja nikiwa naenda masomo yangu ya watu wazima, nilipita uwanjani wakiwa mazoezini, mwalimu wa michezo akaniita pembeni, akanisalimu Kisukuma kwa heshima ya mama.

"Mwadila, mayu. Mtoto ana nguvu kama ng'ombe wa kulimia, ila mzito kugeuka. Ijumaa nachagua timu ya wilaya. Akibaki hivi simchukui."

Nikasimama nimwangalie. Mpira ukija kulia kwake, anageuka vizuri tu. Ukija kushoto, anazunguka kwanza mzunguko mzima kupitia kulia, na anayemkaba ameshauchukua. Nikacheka peke yangu. Mzunguko ule naujua.

Ni wa kwenye pamba. Wakati wa mavuno tunaning'iniza gunia kubwa kwenye nguzo, mmoja anaingia ndani, wengine tunammwagia pamba, naye anashindilia kwa miguu huku anazunguka ili kona zijae. Kwetu anayeingia ni binti yangu, na siku zote anazungukia kulia. Hata mimi nilifundishwa hivyo hivyo.

Kesho yake nikamwambia, "Ingia. Leo unazungukia kushoto."

"Mayu jamani, nitaanguka!"

"Utaangukia pamba. Zunguka."

Akaanguka kweli. Bibi yake akapaza sauti kutoka jikoni, "Huyo mmemnywesha pombe?" Tukacheka wote, yeye akiwa mle mle ndani. Mimi nikaendelea kumwaga pamba. Alipozoea kushoto, nikaanza kupiga makofi ghafla: nikipiga, abadilishe upande. Kufika Alhamisi, miguu ilikuwa inageuka kabla hajafikiri.

Ijumaa asubuhi tulipiga magoti. Nilimwombea utulivu tu. Miguu tulikuwa tumeshaitengeneza.

Uwanjani mpira wa kwanza ulimjia kushoto. Akaudaka, akageuka kifupi, akatoa pasi, mkabaji bado anamtafuta. Kwenye kuchagua, mwalimu alianza na yeye. Halafu akanifuata.

"Mayu, umempeleka kwa mganga?"

"Mimi mtu wa kanisani, mwalimu. Nimemtia kwenye gunia."

Nikamweleza yote. Jumamosi akaja nyumbani na timu nzima, wanapokezana kuingia na kuanguka, binti yangu ndiye anawapigia makofi. Pamba ya msimu mzima ilishindiliwa kabla ya chakula cha mchana.