Shikamoo ya Recheli

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, Recheli Masolwa ni Mnyamwezi wa Kwihara, kwa hiyo nina ruhusa ya babu zangu kumsema nitakavyo. Wapagazi wao waliposhuka pwani na mizigo mabegani, sisi tuliwapokea na tukawacheka, utani ukaanzia hapo. Miaka mitatu nimesoma naye kompyuta katika chuo kimoja cha Tabora mjini, na sikumbuki siku tuliyosalimiana kistaarabu. "Mzaramo, leo umeoga?" "Nimeoga, mpagazi wangu. Mzigo umeutua wapi?"

Lakini kwa wengine Recheli ni mpole mpaka unamhurumia. Hasa kwa Tobias. Tobias ana miaka arobaini na mitano, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kurudi darasani mwenyewe, na ndiye aliyemfundisha Recheli kusoma, darasa la kwanza kule Kwihara. Sasa wakajikuta kikundi kimoja cha mradi wa mwisho: Tobias mwenyekiti, Recheli, Apolinaria na mimi. Kila asubuhi Recheli anapiga goti kidogo, "Shikamoo, Mwalimu," na akishasema hivyo hana tena la kubisha siku nzima.

Mradi wetu ulikuwa mfumo wa kuwasajili akina mama wafuga nyuki wa Kwihara na mizinga yao. Kwa Recheli haukuwa mradi tu. Mwaka uliopita alifeli mradi wa mwaka wa pili, na akifeli mradi tena anadisko: anarudishwa nyumbani bila cheti, miaka mitatu bure.

Namna yetu ya kuamua mambo naiona leo ya kijinga. Tobias anaandika pendekezo kwenye grupu la wasapu, sisi tunaweka dole gumba. Asiyeweka kitu mpaka saa kumi jioni, amekubali. Jumanne moja akaandika kwamba kila mama atambuliwe kwa namba yake ya simu. Apolinaria dole, mimi dole. Recheli kimya.

Mchana ule tulikaa naye kwenye benchi nje ya maabara tukimenya karanga. Akasema, "Mzaramo, simu ya mama yangu wanaitumia wamama watatu. Hao wawili wengine mtawaweka wapi, darini?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nikamjibu kwamba Wanyamwezi wamezoea kubeba, simu moja kwa watu watatu si mzigo. Akacheka na yeye. Saa kumi ikapita.

Wiki tatu baadaye, siku ya Ijumaa, tukaenda Kwihara kuujaribu mfumo. Jumatatu yake tulitakiwa kuuwasilisha. Mama yake Recheli akawa wa kwanza kusajiliwa, mizinga kumi na miwili, jina likatokea, akaligusa kwenye skrini kwa kidole. Akafuata jirani yake, Veneranda, kwa simu ile ile. Jina la Veneranda likaingia, la mama likatoweka.

"Kwa hiyo mimi nimekufa?" akauliza mama. Wenzake wakacheka. Recheli hakucheka.

Tobias akatuita pembeni. "Recheli, huku ni kwenu. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema, Mwalimu." Akanitazama mimi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Kazi ya mtani ni kuusikia ukweli ndani ya mzaha. Mimi niliuchukua mzaha, nikauacha ukweli pale kwenye benchi pamoja na maganda ya karanga. Naona aibu mpaka leo.

Tobias akafikiri, kisha akatoa pendekezo: Jumatatu tuonyeshe majina matano tu, yenye namba tofauti, na msimamizi wa mradi pale chuoni hatagundua. Kuubomoa mfumo zikiwa zimebaki siku mbili ni kujitakia kufeli. Apolinaria akainua dole. Nami nikainua langu, nikijidanganya kwamba namwokoa Recheli asidisko. Tukamgeukia yeye.

Akapiga goti, saa nane mchana, mtu aliyekwisha kumwamkia tangu asubuhi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akajibu Tobias kwa mazoea.

"Sikubali."

Shikamoo imeshapokelewa, huwezi tena kusema mtoto amekukosea adabu. "Mama yangu hafutwi na mfumo wangu," akaendelea. "Kama ni kudisko, nidisko."

Tobias akavuta kigoda, akafungua kompyuta. "Haya," akasema. "Tunaanzia wapi?"

Siku mbili hizo tulikula mihogo na kugombana. Kila mama akapewa namba yake ya uanachama, simu ikabaki ya kupigiwa tu. Jumatatu kazi ilikuwa haijakamilika. Ukurasa wa mizinga uligoma kabisa kufunguka mbele ya msimamizi, nikamwona Recheli akifumba macho. Ila majina yote yalikuwepo, Veneranda na mama, kwa simu moja. Msimamizi akauliza ni nani aliyeamua tuachane na namba ya simu. Jibu letu la siku zote ni "kikundi", na Apolinaria alikwishafungua mdomo.

"Ni Recheli," akasema Tobias. "Sisi watatu tulikuwa tumekubaliana kukosea."

Tulipata hamsini na mbili. Kufaulu ni hamsini. Recheli aliisoma karatasi ya matokeo ubaoni mara tatu, kisha akalia pale pale mbele za watu. Nilitafuta neno la kumtania, nikalikosa kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu. Nikamwambia tu anisamehe.